Mashudu na Mafuta ya Mwarobaini kwa Shamba Dogo la Mboga Mombasa: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mkulima mdogo wa mboga wa Kisauni, Likoni au Jomvu anayeingia katika duka la pembejeo akitafuta dawa ya wadudu isiyo kali, aghalabu hutoka na chupa ya mafuta ya mwarobaini. Ni nadra muuzaji kumwonyesha gunia la mashudu ya mwarobaini, yale makapi yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa, ingawa mara nyingi gunia hilo limewekwa hapo hapo nyuma ya kaunta au hupatikana kwa mkamuaji asiye mbali. Nimezitumia bidhaa hizi mbili katika shamba la mboga upande wa Mwakirunge, masika na vuli, kwenye bamia, biringani, tungule, pilipili na mchicha, na nimefikia maoni kwamba utaratibu wetu wa kununua umegeuzwa. Kwa udongo wa kichanga kama wangu, mashudu ndiyo yanayostahili pesa za kwanza. Mafuta yafuate, na yanunuliwe kwa kiasi kidogo.

Sababu ya kwanza iko katika udongo wenyewe. Mchanga hauwezi kushika maji wala virutubisho kwa muda mrefu, na joto letu la mwaka mzima huozesha samadi na majani upesi kiasi kwamba rutuba iliyotiwa msimu mmoja huwa imekwisha kabla ya msimu wa pili. Mvua za masika, ambazo kwa kawaida hufikia kilele mwezi wa Mei, huongeza tatizo. Mkulima anapotia urea, ambayo ina naitrojeni asilimia 46, bakteria wa udongo huigeuza kwanza kuwa amonia na kisha kuwa naitreti, na naitreti haishikwi na mchanga hata kidogo. Mvua moja kubwa ya usiku yatosha kuishusha chini ya mizizi, na baada ya siku chache mchicha unageuka manjano kana kwamba haukutiwa mbolea kamwe. Wengi wetu huuona umanjano huo, tukaongeza urea, na mvua inayofuata ikaichukua hiyo pia.

Mashudu ya mwarobaini yana naitrojeni kidogo zaidi, kati ya asilimia 2 na 5 kwa kawaida, lakini hutoka polepole kadiri yanavyooza, na viambato vyake vichungu huwapunguzia kasi bakteria wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Kwa hiyo naitrojeni hubaki karibu na mizizi kwa muda mrefu zaidi. India iliutambua uwezo huu wa mwarobaini kwa kiwango cha taifa: mwaka 2015 serikali yake iliwaagiza watengenezaji wa urea wa nchini humo kuipaka urea yao yote mafuta ya mwarobaini kabla ya kuiuza. Katika shamba langu tofauti ilionekana waziwazi kwenye mchicha wa masika. Matuta yaliyotiwa mashudu pamoja na samadi ya ng'ombe yalibaki na kijani chake baada ya mvua kubwa, ilhali matuta ya jirani yaliyotiwa urea peke yake yalififia na kuhitaji kuongezwa.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni minyoo ya mizizi. Hawa ni wadogo mno, hawaonekani kwa macho, huishi udongoni na kuingia ndani ya mizizi, ambayo huvimba na kujaa vifundo. Udongo wa kichanga wenye joto ndio makao wanayoyapenda, na mboga tunazozitegemea sana, yaani bamia, tungule na biringani, zote ni chakula chao. Mkulima anayebadilisha bamia kwa tungule na tungule kwa biringani anadhani anafanya kilimo cha mzunguko, kumbe anawalisha minyoo wale wale mwaka baada ya mwaka. Mimea hudumaa, hunyauka saa sita mchana hata kama imenyweshwa asubuhi, na huzaa kwa muda mfupi kisha huchoka. Kwa kuwa hakuna mdudu anayeonekana juu ya jani, lawama hupewa jua, mbegu mbovu au maji ya chumvi.

Kabla ya kununua chochote, mkulima na ang'oe mmea mmoja uliodumaa, kwa kuuchimbua taratibu badala ya kuuvuta, aioshe mizizi na kuitazama. Vifundo vya minyoo ni sehemu ya mzizi wenyewe na haviwezi kutolewa bila kuukata mzizi. Visichanganywe na vile vijishanga vya mizizi ya kunde, ambavyo hubanduka kwa ukucha na ni vya manufaa kwa kuwa ndimo bakteria wanaotengeneza naitrojeni wanamoishi. Ukaguzi huu hauna gharama, na kwa maoni yangu ndio msingi wa uamuzi wote wa kununua mashudu. Shamba lenye mizizi safi linaweza kuendelea na samadi na mboji ya kawaida, na mkulima wake akazihifadhi pesa zake.

Palipo na vifundo, mashudu hufanya kazi ambayo samadi peke yake haifanyi. Yanapooza udongoni hutoa viambato vinavyowasumbua minyoo, na wakati huo huo huwalisha kuvu na viumbe wengine wadogo wanaoshindana nao au kuwala. Hayawamalizi, na muuzaji anayeahidi kwamba yatawamaliza haambii ukweli. Niliyoyaona ni kwamba bamia zilizopandwa kwenye mashimo yenye mashudu bado zilikuwa na vifundo mwisho wa msimu, ila vilikuwa vichache na vidogo, na ziliendelea kuzaa kwa wiki kadhaa baada ya zile za mashimo matupu kukoma. Kwa anayeuza katika soko la Kongowea, wiki hizo za mwishoni ndizo zenye bei nzuri, kwa sababu bamia za wengine zimekwisha. Matokeo yalikuwa bora zaidi pale nilipopanda kwanza marejea, mmea wa jamii ya kunde unaotumika kama mbolea ya kijani, nikaifukia ardhini ikiwa bado changa, kisha nikafuatisha mashudu.

Matumizi yake yanahitaji subira. Mashudu mabichi yakigusana na mizizi michanga huweza kuichoma, na mbegu ndogo kama za mchicha huota kwa shida yakiwa mengi. Mimi huyatia shimoni kiganja kimoja, nikayachanganya vizuri na udongo pamoja na samadi iliyooza, nikanywesha maji, kisha nikasubiri wiki mbili hivi kabla ya kuhamisha miche. Kwa mchicha huyatawanya juu ya tuta, nikayafukia kwa jembe na kunywesha, na kusia mbegu baada ya muda huo huo. Asiyenywesha hapati faida, kwa kuwa mashudu makavu katika mchanga mkavu hukaa tu bila kuoza.

Ubora wa mashudu yanayouzwa hapa hutofautiana sana, na hapa ndipo ninapoweka lawama yangu kubwa. Mengi huuzwa katika magunia yasiyo na maandishi yoyote: hakuna tarehe ya kukamuliwa wala kiwango cha naitrojeni, na njia iliyotumika kukamua haitajwi. Yaliyokamuliwa kwa mashine ya kubana hubaki na mafuta kiasi na uchungu mwingi, kwa hiyo ndiyo yafaayo dhidi ya minyoo. Yaliyotolewa mafuta kwa kemikali huwa yamepoteza sehemu kubwa ya uchungu huo na kubaki mbolea zaidi kuliko kinga. Mashudu mazuri yana harufu kali inayokaribia ya kitunguu saumu, rangi ya kahawia, na yakishikwa huacha mafuta kidogo vidoleni. Yenye weupe wa kuvu, yaliyoshikana mabonge kwa unyevu au yasiyo na harufu yaachwe dukani. Niliwahi kuuziwa gunia lililochanganywa na mchanga. Tangu hapo huomba kiasi kidogo nikakitia katika glasi ya maji na kukoroga, kwa sababu mchanga huzama mara moja ilhali mashudu husitasita. Muuzaji mwaminifu hakatai kipimo hiki, na mama mmoja ninayenunua kwake siku hizi huwafanyia wateja mwenyewe kabla hawajauliza.

Bei ya mashudu kwa kilo ni kubwa kuliko ya samadi, na kuyasafirisha kwa tuktuk hadi shambani huongeza gharama kwa sababu yanahitajika mengi. Ndiyo maana sishauri kuyatawanya shamba zima. Mashimo ya bamia, biringani na tungule yapewe kwanza, na matuta mengine yatosheke na samadi. Isitoshe, mashudu si mbolea kamili, kwa kuwa fosforasi yake ni ndogo. Wenye mashamba juu ya udongo uliotokana na jiwe la matumbawe wana tatizo jingine ambalo mashudu hayalitatui: udongo huo una chokaa nyingi, na chokaa huifungia mimea madini ya chuma na zinki, hivyo majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Atakayeona dalili hiyo apime udongo kwanza. Shirika la utafiti wa kilimo la KALRO lina kituo Mtwapa, ambako mkulima wa Mombasa anaweza kufika kuuliza bila safari ndefu.

Ama mafuta ya mwarobaini, hayo ni bidhaa nzuri inayouzwa kwa maelezo mabaya. Mkulima huambiwa ni dawa ya kuua wadudu, naye hupiga jioni na kurudi alfajiri akitarajia kuwakuta vidukari wamekufa chini ya mmea. Akiwakuta wangali hai, husema dawa ni bandia. Kiambato chake kikuu, azadiraktini, hakiui hivyo. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, aliona nchini Sudan nzige wakila kila kilicho kijani na kuiacha miarobaini, na uchunguzi uliofuata ulisaidia kueleza sababu: kiambato hicho, kilichotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, huwakinaisha wadudu wengi na chakula na huvuruga homoni za kujivua ngozi, kwa hiyo kinda wa mdudu hushindwa kukua. Matokeo yake huonekana baada ya siku kadhaa, hasa kwa wadudu wachanga. Kwa mantiki hiyo mafuta haya hupigwa mapema, wadudu wakiwa wachache na wadogo, na hurudiwa kila baada ya wiki moja. Aliyesubiri hadi majani yamekunjamana na kushikwa na masizi amechelewa, na chupa nzima haitamwokoa.

Lebo ndiyo inayotofautisha chupa na chupa. Iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea hutaja kiasi cha azadiraktini, kwa mfano asilimia 0.03 au asilimia 1, na tofauti kati ya hizo mbili ni zaidi ya mara thelathini, kwa hiyo bei zao haziwezi kulinganishwa kwa ukubwa wa chupa. Mafuta ya kupaka mwilini au ya nywele, ambayo baadhi ya wakulima huyanunua kwa unafuu, hayataji kiasi hicho na huenda yamesafishwa hadi hakuna kilichobaki ila mafuta. Dawa yoyote ya wadudu inayouzwa kihalali nchini Kenya inapaswa kuwa na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia viuatilifu. Isiyo na namba hiyo irudishwe rafuni hata kama muuzaji ni mtu unayemwamini.

Kuna jambo moja ambalo sijaona muuzaji yeyote wa Mombasa akilieleza, nalo ni maji ya kuchanganyia. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake ni magumu, yenye chokaa, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ndiyo katikati, hupita 7. Azadiraktini hudumu vizuri katika maji yenye uchachu kidogo, pH ya kati ya 4 na 6, na huharibika haraka katika maji yaliyo upande wa pili. Juu ya hayo, maji magumu huikatalia sabuni povu, na bila sabuni mafuta hayachanganyiki na maji. Huelea juu ndani ya pampu, mimea ya kwanza ikapata maji matupu, na ya mwisho ikapata mafuta mazito yanayochoma majani. Naamini malalamiko mengi kwamba mafuta haya hayafanyi kazi huku pwani yana asili yake kisimani. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa yanatosha kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa pampu moja ya lita 20 hunyunyizia eneo kubwa la mboga. Asiye nayo anaweza kukamulia ndimu ndani ya maji ya kisima na kupima kwa karatasi za pH, ila mvua ni rahisi na haina hesabu. Vyovyote iwavyo, mchanganyiko utumike saa ile ile, na usiachwe kwenye pampu hadi kesho yake.

Upigaji wenyewe uwe jioni jua likishapungua, kwa sababu mbili: mwanga wa jua huvunja azadiraktini, na mafuta juu ya jani chini ya jua kali huliunguza. Nyuki nao huwa wamerudi mizingani. Kinyunyizio kielekezwe chini ya majani, kwa maana inzi weupe, vidukari na utitiri hukaa huko. Kwenye bamia na pilipili nimeridhika sana, kwani vidukari hupungua na wadudu rafiki kama kobe-madoadoa, wale wanaokula vidukari, hubaki wengi, jambo ambalo sikuwahi kuliona nilipotumia dawa kali. Kwenye mchicha faida ni kubwa zaidi, maana mboga inayovunwa baada ya wiki tatu au nne haina nafasi ya dawa inayodai siku 14 za kusubiri kabla ya kuvuna. Lakini mafuta haya huacha uchungu na harufu kwenye majani, na wateja wa soko la Marikiti huutambua uchungu huo mara moja. Mimi husimamisha kupiga karibu wiki nzima kabla ya kukata, hata pale lebo inaporuhusu muda mfupi zaidi.

Yapo maadui ambao chupa hii haiwafai. Nondo wa tungule, Tuta absoluta, aliyefika Kenya mwaka 2014, huingia ndani ya jani na tunda akiwa bado kiwavi mdogo. Mafuta humpunguza akipigwa mapema, lakini pekee hayatoshi, na mitego ya kivutio cha harufu pamoja na kuteketeza majani yaliyoathirika ni lazima. Kiwavi wa biringani aliyekwisha kuingia ndani ya tunda hafikiwi. Mnyauko wa bakteria, unaoangusha mmea wa tungule ukiwa bado kijani, hauna tiba katika mafuta wala katika mashudu. Kadhalika virusi vya kukunja majani ya tungule: mafuta hupunguza kuzaliana kwa inzi weupe wanaovibeba, lakini mmea ulioambukizwa hauponi, nao ung'olewe.

Mkulima mwenye miti yake anaweza kujitengenezea dawa badala ya kununua. Kokwa zilizomenywa na kupondwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zikiloweshwa usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa, hutoa dawa inayofanya kazi vizuri, na kwangu imekaribia sana ile ya chupa yenye asilimia 0.03. Kazi yake ni kubwa: matunda yaokotwe yakiwa mapya, yaoshwe nyama, mbegu zianikwe kivulini na kuwekwa katika gunia linalopitisha hewa, kwani katika mfuko wa plastiki hushika kuvu na kuharibika. Familia yenye mikono mingi itaokoa pesa. Aliye peke yake shambani atajikuta mahitaji ya mboga yanampita.

Tahadhari moja naisisitiza kwa kuwa huku kwetu mwarobaini ni dawa ya nyumbani na watu hudhani mafuta yake hayana madhara. Mafuta ya mbegu yakinywewa na mtoto mdogo yanaweza kumdhuru vibaya, na visa vya namna hiyo vimeripotiwa na madaktari India na Malaysia. Chupa ifungwe mahali wasipofika watoto, isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda, na pampu isioshewe kwenye mifereji inayoingia baharini, kwa sababu mafuta haya hudhuru samaki na viumbe wa majini.

Kwa anayeanza na robo ekari ya mboga mchanganyiko, ningemshauri anunue mashudu ya kutosha mashimo ya bamia na biringani tu, miezi ya Februari au Machi kabla ya mvua kubwa, na chupa ndogo kabisa ya mafuta yenye kiwango cha azadiraktini kilichoandikwa. Chupa kubwa huonekana nafuu kwa kila mililita, lakini katika joto la Mombasa mafuta yaliyofunguliwa hupungua nguvu mwezi hadi mwezi, na sijawahi kuimaliza chupa ya lita moja ikiwa bado na nguvu ya kutegemewa.